Sifa za Dumuzi, Mgeni Rasmi wa Mavuno

Simba ameshasifiwa, tembo ameshasifiwa, na ng'ombe ana washairi wake. Dumuzi hana mtu. Mdudu huyu wa rangi ya kahawia iliyokolea, ambaye urefu wake haufiki hata nusu sentimita, amekula mahindi yetu kwa zaidi ya miaka 40 na hajawahi kupewa walau cheti cha ushiriki. Nataka kumtendea haki, na pa kumtendea haki ni Nangwa, wilayani Hanang, siku ya mavuno.

Kwa wasiojua: mahindi yakishashuka shambani, kati ya Juni na Agosti, makanisa ya huku hutenga Jumapili moja ya shukrani. Kila mtu huja na alichojaliwa: debe la maharage, mbaazi, alizeti, boga, kuku aliyefungwa miguu, na kwa wenye uwezo, mbuzi. Ibada ikiisha vitu hupigwa mnada pale nje, na fedha huenda kwenye ujenzi ambao haujawahi kuisha. Ni sherehe tamu. Upepo wa Julai unashuka kutoka Mlima Hanang, wazee wamejitanda mablanketi, na vijana wanashindania yai moja hadi linafika bei ya kuku mzima, ili binti fulani aone kwamba mtu hana shida.

Mgeni rasmi aliambiwa saa tatu. Alifika saa saba kasoro, akaisingizia barabara, ambayo kutoka Babati ni ya lami. Dumuzi alikuwa ameshafika zamani. Alikuwa ndani ya gunia, kazini, bila posho, bila dereva, na bila mtu wa kumsomea wasifu.

Tulimtambua gunia liliponyanyuliwa. Vijana wawili walilishika pembe, wakahesabu moja, mbili, tatu, nalo likapanda kwa wepesi mno hata mmoja akapepesuka. Mshono wa chini ukavuja unga mweupe, laini, ukachora mstari kuanzia ngazi za kanisa hadi kwenye meza ya dalali. Watu wakatazamana. Hayakuwa mahindi ya mwaka huu yale. Kuna mwenzetu alikuwa amemtolea Bwana masalia ya mwaka jana. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopokea wanyama vilema madhabahuni, lakini kuhusu mahindi yaliyotobolewa hakuacha neno, na mwenzetu aliutumia mwanya huo.

Dalali hakutetereka. "Ndugu zangu, hili limeshasagwa nusu! Atakayelichukua halipii mashine!" Likauzwa, tena kwa kugombewa. Kila mwaka tunahimizwa majukwaani tuongeze thamani ya mazao yetu kabla ya kuyapeleka sokoni. Siku ile nilimwona mmoja tu aliyetii.

Unyenyekevu wake nao! Kichwa amekiinamisha chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni kabisa. Hajionyeshi juu ya gunzi. Anaingia ndani ya punje, anaitoboa upande hadi upande, na jike hutaga humohumo kwenye njia alizochimba. Wala si mchoyo: dume akipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, madume kwa majike, waje wale pamoja. Niliitazama meza kuu sufuria la pilau lilipofunuliwa. Harufu ilitufikia sote, lakini mwaliko haukuja.

Mtasema ni mgeni. Kweli, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Alijulikana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Tabora, na watu wakambatiza Scania, jina la lori, ambalo kwa kazi aliyoifanya lilimstahili. Lakini Hanang inawajua wageni wa kilimo. Wakanada walikuja muongo huohuo na mradi wa ngano: mashamba makubwa upande wa Basotu kwenye malisho ya Wabarabaig, matrekta, wataalamu, na mwishowe kesi mahakamani. Dumuzi hakuomba ekari hata moja. Hakumhamisha mfugaji, wala hakudai msamaha wa kodi.

Anakula sana, sikatai. Waliopima Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta mahindi mengine yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito kwa muda usiotimia miezi minne. Lakini mlinganisheni na mnunuzi wa lumbesa. Huyo anajaza gunia, analiongezea kilemba, anakishona kwa kamba, kisha analipa bei ya gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku na serikali mara nyingi, nayo ipo, ina afya njema. Dumuzi hajawahi kushona kilemba.

Wafanyabiashara wangemchangia hata jengo. Mkulima anayemwogopa huuza Julai, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Ikifika Januari, sare na mahitaji mengine ya shule vinamsubiri, stoo tupu, anayafuata mahindi yaleyale kwa bei ya kushika kichwa. Tofauti ya bei hizo mbili imejenga nyumba nzuri, na sijaona mkulima akikaa ndani yake. Yote hayo ni jasho la mdudu, na hakuna hata mmoja aliyemshukuru mnadani.

Wapo wasio na utu. Hao hupukuchua mahindi mapema, huyakausha vizuri, huyachanganya na dawa ya unga, au huyafunga kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, dumuzi akafa kwa kukosa pumzi. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu kwenye benchi aliniambia mahindi yake ya mwaka jana bado mazima humo. Nikamwuliza, mama, huoni huruma? Alinitazama kwa muda, kisha akasogeza kuku wake mbali nami.

Kwa hiyo naiomba kamati ya mavuno ya mwakani imtengee nafasi meza kuu. Atawahi, hatahutubia, na hataomba nauli ya kurudia. Ila meza iwe ya plastiki. Huyu hutoboa hata mbao, na hotuba ya mgeni rasmi wa mwaka huu ingemtosha kuimaliza miguu yote minne.