Kijiji cha mawe, nyumba ya magogo

Piga hodi kwenye gogo lolote, ukuta mzima utaitikia. Hapa ni Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, na Mhehe yeyote mtu mzima atakwambia kwamba maganga ni mawe, na kwamba jina la kijiji ni habari ya kuyarusha. Wabenediktini walifungua misheni hapa mwishoni mwa karne ya 19, Wakonsolata kutoka Italia wakaipokea mwaka 1919, na majengo ya misheni ya mawe na matofali ya kuchoma bado yamesimama imara. Mimi nimejenga kwa magogo ya paina. Majirani wana maswali mengi, na majibu ninayo tisa. Tunahesabu kushuka, maana kitamu hulindwa mpaka mwisho.

9. Karatasi kwanza, msumeno baadaye. Magogo yangu yametoka upande wa Mafinga, kilomita 80 hivi kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, kwenye nchi ya Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali. Huko unapita saa nzima na paina bado zimesimama mistari kama wanafunzi paredi. Lakini huwezi kupakia gogo ukaondoka nalo hivi hivi: kuna malipo, kuna hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna vizuizi njiani. Dereva wa lori alinifundisha sheria nzima kwa sentensi moja: "Bosi, gogo lisilo na karatasi ni kuni za mahakamani."

8. Harufu. Mwaka wa kwanza nyumba inanukia utomvu mpaka kwenye mto wa kulalia. Mgeni akirudi mjini, wenzake kwenye daladala wanajua alikolala.

7. Nyumba inashuka. Huyu ndiye mnyama ambaye watu wa tofali hawamjui. Gogo bichi likikauka linasinyaa, na magogo 10 yaliyopandana yakisinyaa kila moja kidogo, ukuta mzima unateremka. Ndiyo maana fundi aliacha nafasi ya vidole vinne juu ya kila fremu ya mlango na dirisha, akaifunika kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Jirani yangu alipouchungulia alishtuka: "Mwanangu, fundi kakuibia! Mlango haujafika juu!" Nikamwambia, "Mzee, mlango haupandi, ukuta ndio unaoufuata." Baada ya viangazi viwili nafasi ile ilibaki kidole kimoja. Tungeibana tangu mwanzo, ukuta mzima ungeukalia mlango, na hapo hufungui tena, labda utokee dirishani. Dirisha nalo limekaliwa.

6. Mchwa. Tukae hapa kidogo. Asubuhi moja ya Novemba, mvua ya kwanza imenyesha usiku, niliinama nyuma ya jiko nikaona mstari wa udongo mwekundu, mwembamba kama penseli, umepanda kwenye jiwe la msingi. Nikaubonyeza kwa ukucha, ukavunjika, na ndani wadudu weupe wakakimbizana huku na huko kama soko lililozimiwa taa. Ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika gogo la kwanza.

Hapo ndipo niliposhukuru kwamba kijiji hiki kina mawe. Msingi wangu umenyanyuka mpaka kiunoni, gogo haligusi ardhi popote, na mchwa akitaka kupanda lazima ajenge barabara yake hadharani. Kazi ya mwenye nyumba ni kuzunguka kila Jumamosi na kuzivunja barabara hizo. Mchwa haogopi bei ya mbao yako, anaogopa macho yako.

Kuhusu dawa, kuna mjadala ambao hapa kijijini haujaisha tangu nihamie. Mzee wangu jirani anaapa kwa oili chafu ya gari: paka, acha inywe, sahau. Naiheshimu hoja yake, banda lake la ng'ombe limesimama miaka mingi. Ila oili chafu inanuka, mvua inaichuruza mpaka kwenye bustani ya mchicha, na mchicha huo naula mimi. Magogo yangu ya chini yalitiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, kama nguzo za umeme, yakatoka na rangi ya kijanikijani. Na hapa naomba tuelewane bila utani hata chembe: vipande vinavyobaki vya mbao za namna hiyo visiingie jikoni kamwe. Nyingi zina aseniki ndani yake, na moshi wake na majivu yake ni sumu. Fukia mbali na kisima. Kuni ziko tele.

5. Usiku nyumba inaongea. Paa! Halafu kimya. Halafu paa! tena, upande wa pili. "Shemeji, kuna mtu darini?" "Hapana, lala, gogo linajinyoosha." Mchana jua lililipasha joto, usiku baridi imelikunja. Mtoto mchanga huzoea kwa siku tatu. Shemeji alihitaji wiki mbili na redio.

4. Juni na Julai. Baridi ya Iringa unaijua, au umesimuliwa. Saruji hupitisha joto takriban mara 10 zaidi ya mbao ya paina, ndiyo maana ukuta wa bloku asubuhi ya Julai unakunyonya mgongo ukiuegemea. Ukuta wangu hauninyonyi. Siri iko kwenye maungio: katani imeshindiliwa kati ya gogo na gogo, na kila mwaka kabla ya baridi napita na patasi butu na nyundo, naongeza palipolegea. Ukishaziba hivyo, jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, haigongi mlango, na imeshamaliza familia ambazo kosa lao lilikuwa kutafuta joto. Kwangu jiko la mkaa linalala nje, hata mvua ikinyesha.

3. "Je, haiungui?" Inaungua, kila kitu kinaungua. Lakini gogo nene si kijiti cha kiberiti. Likishika moto, nje linakuwa mkaa, na mkaa ule unalikinga la ndani. Moto hula kama milimita 0.7 kwa dakika, kwa hiyo gogo la sentimita 25 likikaa motoni nusu saa linapoteza sentimita mbili hivi upande unaoungua. Ninachokiogopa ni waya. Nyaya zangu zote zimepita ndani ya mabomba.

2. Pete. Kwenye pembe za nyumba magogo yamepishana, na ncha zake zinaonekana. Mwanangu alijifunza kuhesabu hapo, kidole kikianzia katikati kwenda nje: moja, mbili, mpaka 19. Mwaka wa mvua pete nene, mwaka wa ukame pete kama uzi. Alipomaliza aliniuliza gogo limezaliwa mwaka gani. Tukapiga hesabu pamoja. Ni kubwa kuliko yeye kwa miaka 13, na sasa analisalimia kila asubuhi: "Kamwene, kaka."

1. Bibi. Mama yake mama yangu alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya Wahehe ya zamani: nguzo za miti, kuta za fito na udongo, na juu paa bapa la udongo lililobebwa na magogo. Kwa hiyo nilipojiona nimeleta jambo jipya kijijini, nilimwalika aje aone. Akaingia polepole, akaweka kiganja ukutani, akaacha hapo kwa muda. Halafu akatazama juu.

"Mjukuu wangu, mbona miti yako ni myeupe hivi?"

Nikamweleza ni mipya. Akatikisa kichwa. Kwao, alisema, miti ya juu ilikuwa nyeusi tii, inang'aa kwa masizi, na hakuna mdudu aliyeitia jino, maana moto haukuzimika chini yake. Oili, kiwanda, mgandamizo, vyote hakuvijua. Moshi ulikuwa unaifanya kazi hiyo bure, kila siku, ugali ukipikwa.

"Jikoni kwako wapi?"

Jiko la kuni liko nyuma, lina paa la magogo na pande mbili ziko wazi. Nikamwekea kigoda. Akakikataa, akachuchumaa mwenyewe, akapanga kuni tatu, akapuliza. Moshi ukapanda, ukatambaa kwenye gogo la kwanza, ukaenda la pili.

"Sasa," akasema, "lete sufuria."