Karibu Sumbawanga, Wifi
Wifi yangu wa Dar kaona majani ya maboga ya karanga na ugali wa ulezi, kakunja pua: "Majani tena?" Hayohayo Dar anayalipia hotelini, yakiitwa chakula cha asili, na anayapiga picha kabla ya kunawa. Mimi nimeyamenya nyuzi jani kwa jani, mtoto mgongoni, bila mpiga picha.

Kisha akahamia kwenye mavazi. Eti sweta la mtumba juu ya kitenge, na soksi, nafanana na mlinzi wa usiku. Sawa, wifi. Ila mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huu ni Julai. Hicho kigauni chako cha mgongo wazi kimependeza sana. Hata meno yanakipigia makofi.