Glosi ya Mzee

Ingia bucha lolote hapa Kianjai, kando ya barabara ya kwenda Maua, utaona ukuta umegawanywa sehemu mbili. Chini, mpaka usawa wa kifua, ni rangi ya mafuta inayong'aa; juu ni rangi ya maji, nyeupe, haina mng'ao wowote. Mafuta ya nyama na viganja vya wateja huishia huko chini, na glosi husafishika kwa kitambaa na sabuni. Juu hakufiki mtu, labda nzi.

Mzee wangu amenunua nyama humo miaka yote bila kuuliza ni kwa nini. Dada yetu alipopata mchumba, Mzee akaamuru sebule ipakwe glosi kuanzia sakafuni hadi darini, wakwe wajue wamekuja kwa watu. Fundi alijikuna kichwa.

"Mzee, plasta hii ina mawimbi. Glosi itakusengenya."

"Wewe paka. Anayelipa ni mimi."

Ikamsengenya. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga kama kioo, basi kila kovu la mwiko huonekana; isiyong'aa huutawanya, makovu yakajificha. Jioni taa ilipowashwa, mjomba wa bwana harusi alijikuta ameketi mbele ya kiraka palipokuwa na soketi zamani. Habari za mbuzi zikazungumzwa, yeye macho hayabanduki kwenye kiraka. Na kwa vile mvua ya wiki ile haikuiacha rangi ikauke sawasawa, shangazi aliyeegemea ukuta aliinuka, gauni likakataa.

Jikoni, kwenye moshi na mafuta ya kukaangia, ndiko glosi ilikohitajika. Huko kukapakwa rangi ya maji ya bei ya chini, isiyong'aa, kwa hoja kwamba hakuna mkwe atakayeingia. Rangi ya namna hiyo ina gundi kidogo. Mama alipofuta tone la mafuta kwa kitambaa chenye maji, tone lilibaki, rangi ikaja na kitambaa.

Silki, rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ingetosha sebuleni: inafutika, na haina umbea mwingi. Lakini rangi ya maji haishiki juu ya glosi mpaka ukuta wote upigwe msasa kwanza, na nyumbani kwetu hajapatikana wa kumwambia Mzee anunue msasa.