Shangazi, Jicho Moja na Jiji la Chennai

Ukitaka kujua elimu yako inafika wapi, msindikize mgonjwa India.

Ukoo ulipokaa kikao Singida kuamua nani ampeleke Shangazi Chennai kutibiwa jicho, mjadala haukuwa mrefu. Mimi nina Kiingereza, nina simu kubwa, na nimewahi kupanda ndege. Mbuzi wakauzwa, alizeti ikauzwa kabla bei haijapanda, nikakabidhiwa bahasha ya vyeti na onyo la Baba Mkubwa: "Usimwachie mkono, atapotea." Shangazi alikuwa hajawahi kuvuka Dodoma. Alikuwa amekaa pembeni akifunga karanga kwenye kitambaa, na hakusema kitu.

Kwa sensa ya 2022 mkoa wetu mzima una watu kama milioni 2, wametawanyika kuanzia Iramba hadi Manyoni, na nafasi iliyobaki wameachiwa mawe na upepo. Chennai na vitongoji vyake ilishapita watu milioni 8 kwenye sensa ya 2011, na siku tuliyofika wote walikuwa barabarani wanapiga honi.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Kabla ya safari nilikariri Kihindi kwenye simu, nikajazia na maneno tuliyookota utotoni kwenye mabanda ya video. Ambacho sikuambiwa ni kwamba Chennai wanazungumza Kitamil, na kwamba mwaka 1965 watu wa jimbo lao, Tamil Nadu, waliandamana hadi wengine wakapoteza maisha, wakipinga Kihindi kufanywa lugha rasmi pekee ya serikali kuu. Nikamwendea dereva wa bajaji na Kihindi changu chote. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikaishiwa, kisha akataja bei kwa Kiingereza, bei ambayo kwetu unapata jogoo kadhaa na tetea wa nyongeza.

Shangazi, mwenye Kinyaturu na Kiswahili tu, akamwonyesha vidole vitatu. Dereva akaonyesha sita. Shangazi akageuka, akaanza kumtazama ng'ombe aliyelala kando ya barabara, kama afanyavyo mnadani akitajiwa bei ya kijinga. Tukaenda kwa vitatu na nusu. Hiyo nusu dereva aliionyesha kwa kukunja kidole, na Shangazi akaielewa bila mkalimani.

Chumba tulipata Mylapore, mtaa wa zamani wenye hekalu kubwa. Soketi zao zina matundu ya duara. Chaja yangu ya miguu mitatu bapa ikagoma, simu ikazima, na kuanzia hapo Kiingereza kikabaki peke yake. Mwenye nyumba, mzee msafi kabisa, alitusomea masharti: viatu nje, na ndani hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai, hata harufu yake. Nikamtafsiria Shangazi kwa sauti ya msiba. Huyu ni mama anayefuga kuku mkoa ambao basi halitoki stendi bila kuku kwenye buti. Akauliza swali moja tu: "Na mboga?"

Baada ya masharti yakaja maji, kwenye bilauri za chuma. Pale mtu mwenye adabu hagusi chombo kwa midomo. Anakiinua juu, anafungua kinywa, anamimina. Mimi nilipata kiasi mdomoni, kiasi puani, na yaliyobaki yakashuka kifuani hadi kwenye bahasha ya vyeti. Shangazi aliinua, akamimina, akameza bila kupumzika, akarudisha bilauri, midomo mikavu. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakinywa kwenye kibuyu kimoja machungani, watoto kumi na mmoja. Mzee akamwita Amma, yaani mama. Mimi aliniletea taulo.

Kesho yake asubuhi Shangazi akapotea. Nilizunguka mitaa nikiwa na sauti ya Baba Mkubwa masikioni, nikamkuta sokoni, amekaa juu ya gunia, anachambua majani ya mlonge pamoja na muuzaji. Wenyeji hula majani yake, na maganda yake marefu huyatia kwenye mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Mlonge asili yake ni huko huko kwao; ukwaju, kinyume chake, umetoka kwetu Afrika. Alipika yale majani kwa karanga zake za kwenye kitambaa. Mke wa mwenye nyumba alipanda ngazi kufuata harufu, akarudi chini na bakuli.

Jicho lilipasuliwa, likafunikwa, na hali ikawa mbaya zaidi. Kwangu mimi. Nilidhani kwa jicho moja angenitegemea kidogo.

Tukaanza kwenda kliniki kwa basi. Tangu 2021 wanawake Tamil Nadu hawalipi nauli kwenye mabasi ya kawaida ya mjini, na wana upande wao wa viti. Mimi nilikaa huo upande, nikainuliwa na kikohozi cha bibi mmoja. Nikasimama kule mbele. Konda alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti chake, na filimbi yake, hana mpango wa kuinuka. Kijana mmoja akaninyooshea mkono, nikaushika, nikamsalimia. Alikuwa anataka nauli yangu.

Nilikuwa na noti ya rupia 100. Mwanaume aliyekulia stendi za Tanzania hampi mtu asiyemjua noti halafu akageuka kutazama dirishani. Nikampa, lakini sikugeuka. Noti ikaenda: kijana, mzee wa miwani, mwanafunzi, mama mwenye maua kwenye nywele, kisha ikazama kwenye makwapa. Nikaanza kukariri sura zao kwa ajili ya polisi. Vituo viwili baadaye mikono ile ile ikaanza kurudisha: noti, sarafu, na tiketi imeviringishwa katikati, kila mmoja anapitisha bila kukatisha mazungumzo yake. Nilihesabu chenji mara mbili. Ilitimia.

"Baba," Shangazi akaniita kutoka kwenye kiti chake cha bure, "waambie wakupitishie na chai."

Jua la Mei la Chennai halina mfano Singida. Sisi tuna upepo, wao wana mvuke. Wakati huo mikokoteni ya uji baridi hujitokeza barabarani. Tulikuwa tunaupita mmoja, namkumbusha Shangazi kwamba daktari kakataza vyakula vya njiani, nikagundua naongea peke yangu. Alikuwa ameinamia chungu. "Huu ni uwele," akasema.

Na ulikuwa uwele kweli, umechachushwa, umekorogwa na mtindi, pembeni vitunguu vidogo na pilipili za kukaanga. Nafaka hii ilitoka Afrika ikafika India maelfu ya miaka iliyopita, na ni India iliyopendekeza Umoja wa Mataifa uufanye 2023 kuwa mwaka wa uwele, mtama, ulezi na jamaa zao. Sisi wenye nao, mgeni akija tunakimbilia dukani kununua mchele.

Shangazi akaonja. Akatikisa kichwa: haujachachuka vya kutosha. Akamwonyesha muuzaji kwa vidole, siku moja zaidi, kisha akanyoosha mkono kuomba upawa. Nikakimbilia simu, ambayo sasa ilikuwa imepata chaja ya kienyeji, nitafute namna ya kuomba radhi kwa Kitamil. Nilipoinua macho, Shangazi alikuwa amepewa kigoda, anakoroga, na madereva wawili wa bajaji walikuwa wanamlipa yeye.