Saba Hadi Moja: Chumba cha Muziki Pale Mgololo

Wewe uliyenunua kinanda kabla ya kununua pazia, sogea hapa tuhesabu pamoja. Mgololo ina mbao, ina umeme, ina vijana waliolelewa na kwaya. Kinachokosekana ni chumba kilichoandaliwa, na chumba kibovu hukiharibu kinanda cha bei yoyote.

7. Meza. Usiniambie unaagiza stendi kutoka Dar es Salaam huku mipaini ya Mufindi inakuchungulia dirishani! Mpe kazi fundi seremala wa hapo hapo. Mbao ziwe zimekauka, maana mbichi zitapinda, na ukikaa viwiko vyako vilingane na kinanda.

6. Trei za mayai. Zibandue ukutani, ndugu yangu, kuku wamekwisha kuzitumikia vya kutosha. Trei hupunguza kidogo milio mikali, lakini besi inapita bila hata kubisha hodi, na jirani ataendelea kujua wimbo wako mpya kabla hujaumaliza. Tena zinashika moto upesi. Tundika mablanketi mazito, tandika kapeti, simamisha godoro kuukuu nyuma yako. Kati ya blanketi na ukuta acha nafasi ya vidole vinne. Hewa hiyo hulisaidia blanketi kumeza sauti za chini zaidi. Juu weka silingi bodi, kwa sababu mvua ya Mufindi ikianza kupiga bati, yeye ndiye mpiga ngoma na wewe ni msikilizaji.

5. Spika. Zitoe konani. Kona hukuza besi, nawe utaipunguza kwenye wimbo mpaka ukichezwa kwingine unasikika mkavu. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa, kwa kimo cha masikio. Usiku, hedifoni. Majirani ni ndugu.

4. Waya wa MIDI. Kile kinanda cha zamani chenye sauti za kuchosha, usikitupe! Kama kina tundu la MIDI kinaweza kuiamrisha kompyuta ipige sauti yoyote. Mfumo huu ulitoka mwaka 1983 kwa juhudi za Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits, na waya mmoja hubeba chaneli 16. Kompyuta ya kawaida yatosha: muziki wa singeli wa studio ya Sisso, Mburahati jijini Dar, ulitengenezwa kwa vifaa vya kawaida, na mwaka 2017 ikatoka albamu ya Sounds of Sisso chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

3. Baridi. Hapa utani nauweka kando. Juni na Julai usiingize jiko la mkaa katika chumba ulichokiziba kwa mablanketi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala na walio macho. Vaa koti, chemsha chai ya Mufindi, fungua dirisha kila baada ya muda. Duke wa singeli aliipa albamu yake ya 2019 jina la Uingizaji Hewa, basi mtii! Ukungu nao huharibu viungo vya ndani ya vitufe, kwa hiyo kinanda kifunike kwa kitambaa, na kisiegemee ukuta wa nje.

2. Umeme. Aliyekata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, simama pembeni kidogo tuzungumze. Waya wa ethi unalinda uhai wako, na ukikosekana, spika nazo mara nyingi hunguruma. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, juu kidogo tu ya noti ya G ya chini, hivyo mngurumo ule haukubaliani na wimbo wowote. Mwite fundi umeme apime ethi, nunua stebilaiza, na radi zikianza chomoa kila kitu, hata kama ubeti ndio umenoga.

1. Maikrofoni moja kwa ajili ya ligombo. Unashangaa? Hapa ndipo chumba chako kinapoishinda studio ya Dar. Ligombo la Wahehe, ubao uliochimbwa kama hori na kuvutwa nyuzi juu yake, mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alilirekodi mwaka 1950. Kwenye vinanda vinavyouzwa madukani, piano zimejaa, ligombo halimo. Subiri treni ya TAZARA ipite, zima simu, rekodi kila uzi ukipigwa kwa upole, kisha kwa nguvu, kisha uigawe milio hiyo kwenye vitufe kwa programu ya sampuli. Sasa kinanda chako kinaongea Kihehe.

Lakini mzee mwenye ligombo mwombe ruhusa kwanza, mlipe, na jina lake liandikwe kwenye wimbo. Nenda kwake mwaka huu, maana wapigaji wa ligombo si wengi.