Sifa za Bawabu wa Apache

Washairi wamekwisha kusifu majahazi, minazi na wapenzi wao. Mimi namsifu bawabu wa seva ya Apache, moduli iitwayo mod_rewrite, aliyoiandika Ralf Engelschall mwaka 1996, na tangu hapo haijamwomba mtu radhi.

Tazama uungwana wake. Mwenye tovuti anataka duka.mfano.com ifungue folda ya duka, anaandika anwani nzima ndani ya RewriteRule, anangoja. Kimya. Pale bawabu husoma njia tu, yaani kile kinachofuata baada ya jina la tovuti. Jina lenyewe hukaguliwa kwa RewriteCond na HTTP_HOST. Angeweza kusema. Hasemi, asije akamwaibisha mtu mbele za watu.

Na utaratibu wake! Sharti (RewriteCond) huandikwa juu ya kanuni (RewriteRule), lakini yeye huanza na kanuni, ndipo apande kutazama sharti. Kilichonaswa na kanuni huitwa kwa alama ya dola, kilichonaswa na sharti kwa alama ya asilimia. Ukizichanganya halalamiki: huenda kwa adabu zote kutafuta folda isiyokuwepo, akakuletea 404. Ukiweka nyota kwenye DNS ili kila mteja apate subdomeni yake, www naye atahesabiwa mteja, atafutiwe folda.

Bidii yake ndiyo hasa inayonitoa machozi. Ile alama ya L, inayodaiwa kuwa ya mwisho, ndani ya .htaccess, faili la kanuni la folda, humaliza mzunguko mmoja tu. Anwani mpya hurudi juu ya faili na kuanza tena. Duka, duka/duka, duka/duka/duka, hadi mara 10, seva inachoka na kutoa kosa la 500. Toleo la 2.4 lilileta END, inayokomesha kweli. Wapenda starehe waitumie.

Kumbukumbu nayo: ukijaribu kwa uelekezaji wa kudumu, 301, badala ya ule wa muda, 302, kivinjari hakisahau. Kanuni umekwisha kuirekebisha, bado unapelekwa kulekule, basi unaibomoa iliyo sahihi.

Wambea humwekea LogLevel rewrite:trace3 ili asimulie hatua zake kwenye logi ya makosa, na kweli husimulia. Ila amri hiyo haikubaliwi ndani ya .htaccess, na mpangaji wa hosti ya pamoja haruhusiwi kugusa faili kuu la seva. Huyo amebaki kubahatisha, na kumwandikia mwenye hosti, ambaye atamjibu kwamba kwake yeye tovuti inafunguka vizuri.