Unakimbizwa na Nani?

Mtu akivaa kaptura fupi, akafunga saa kubwa mkononi na kuanza kukimbia kwenye njia za mashambani kuzunguka Taveta, hafiki mbali kabla hajaulizwa swali. Bibi anayepalilia mahindi atanyoosha mgongo, ataegemea mpini wa jembe, atatazama nyuma ya mkimbiaji wala si mbele yake, kisha atauliza: "Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Mkimbiaji wa mjini hucheka, akaongeza mwendo huku akimhesabu bibi huyo miongoni mwa watu wasiojua faida za mazoezi. Nia yangu ni kumtetea bibi. Katika nchi ambayo karibu kila kilima chake kiliwahi kupiganiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1914 na 1916, hakuna swali la historia lililo sahihi kuliko hilo. Na jibu lake, ukilichimba vizuri, mara nyingi si adui. Ni nyuki, ni kilima, ni tumbo, ni funza. Vitabu vya vita huandika majina ya majenerali, lakini njia za mashambani zimetunza orodha ya visirani, na visirani hivyo ndivyo vilevile vinavyomrudisha mkimbiaji wa leo nyumbani akichechemea na kiatu kimoja mkononi.

Tuanzie Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, nao Wajerumani walikuwa na askari wapatao 1,000 tu chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa hesabu ya shule ya msingi, mchezo ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza. Askari waliteremshwa Ras Kasone wakiwa wamechoshwa na safari ya bahari, wakaingizwa kwenye mashamba na vichaka ambavyo hakuna mkubwa wao aliyejisumbua kuvipeleleza. Humo mitini kulikuwa na mizinga. Hapa Kiswahili kilikuwa kimeshaonya kabla ya mtu yeyote, maana kwetu mzinga wa vita na mzinga wa nyuki ni neno moja, na mwenye busara akisikia kuna mizinga mbele huuliza kwanza ni ipi. Risasi zikawachokoza nyuki, nao wakatoka bila kuuliza nani ni wa Mfalme na nani ni wa Kaisari. Waliwauma watu wa pande zote mbili, ila waliokuwa wageni wa njia ndio waliotimua mbio zaidi kurudi baharini. Baadaye ikavumishwa kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki hao kwa makusudi. Uvumi huo tunauelewa vizuri, kwani hata mkimbiaji aliyefukuzwa na mbwa hupenda kusimulia kwamba mbwa alitumwa. Waingereza walipopanda tena meli zao waliacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Mtu anayekimbia nyuki hubeba roho yake tu.

Ukitoka Tanga ukaifuata reli ya zamani hadi Moshi, kisha ukavuka kwenda Taveta, utakutana na kisirani cha pili, nacho ni kilima. Kilima cha Salaita ukikitazama kutoka barabara ya Voi ni kidogo, cha kukudanganya, aina ya kilima ambacho mwenyeji atakwambia kwamba maji yapo nyuma yake, "hapo tu". Kila aliyewahi kukimbia mashambani anaijua "hapo tu". Ni kipimo cha umbali kinachoanzia mita 300 na kuishia kesho yake. Februari 12, 1916, kikosi kipya cha Afrika Kusini kilikwenda kukiteka kilima hicho kwa imani hiyohiyo. Mizinga yao, na safari hii ni ile ya chuma, ikapiga kileleni kwa juhudi kubwa, huku Wajerumani na askari wao wakiwa wametulia kwenye mahandaki yaliyochimbwa chini, miguuni mwa kilima. Wageni walipofika kwenye miiba, juani, waligundua kwamba adui hakuwa mahali walipomweka wao kwenye ramani. Wakarudi nyuma mbiombio, na waliowakinga wasimalizwe walikuwa askari wa Kibaluchi kutoka India, ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau. Ni kisa kinachojirudia katika kila mashindano ya kijijini: kijana anayeondoka kwa mbwembwe kwenye kilomita ya kwanza hupitwa kwenye ya nane na mzee wa makamo aliyevaa raba zilizokwisha soli, naye mzee humpa pole kwa upole unaouma kuliko matusi.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 11 na usiku wa kuamkia Machi 12, mapigano yalihamia kwenye vilima pacha vya Latema na Reata. Hapo ndipo tumbo lilipoingia katika historia. Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson, aliyekuwa akiongoza shambulizi, aliugua kuhara damu akaomba kupumzishwa kazini mapigano yakiendelea. Wakimbiaji hawatamcheka sana. Nusu ya maarifa yao ya jiografia ni kujua kichaka kipi kinasitiri na kipi hakisitiri, na nusu nyingine ni kujuta maharage ya jana. Usiku ule watu walipotezana gizani, wengine wakapanda, wengine wakashuka, na mwishowe wakubwa wa Kiingereza wakatoa amri ya kurudi nyuma. Kulipokucha ikaonekana kwamba baadhi ya askari wao bado wako juu, na kwamba Wajerumani walikuwa wameondoka. Kumbe walikuwa wameshinda bila kupewa taarifa. Aliyewahi kupotea njia kwenye mashamba ya mkonge, akakata tamaa, kisha akatokea ghafla kwenye mstari wa kumalizia akitokea upande usiotarajiwa na kupigiwa makofi, anajua ladha ya ushindi wa namna hiyo.

Mwanahistoria atanipinga hapo. Atasema ninamnyima Lettow-Vorbeck haki yake, maana ndiye aliyewaleta watu wake kwa treni kutoka Moshi kwa wakati, na ndiye aliyeingia Tanga usiku kwa baiskeli kuutazama mji kabla ya pigano. Nakubali yote mawili, na baiskeli hiyo naidaka kama ushahidi wangu. Tofauti ya makamanda wale wawili wa Tanga, yeye na Aitken, haikuwa ushujaa. Mmoja aliikagua njia kwa miguu ya mpira, mwingine aliiamini ramani. Huo ndio wosia wa kwanza anaopewa mkimbiaji wa mashambani: pita njia yako mapema, ujue daraja lililovunjika na boma lenye mbwa. Tena hata huyo hodari mwenyewe hakuushinda mdudu. Kadiri vita vilivyosogea kusini, mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu kwa maelfu, na funza wakawalemaza watu vidole vya miguu. Hakuna jenerali aliyewahi kumpa funza amri ikatiiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halijibiwi kwa kicheko. Litasema kwamba mkimbiaji anafukuzwa na mbwa kwa dakika 2 kisha anarudi kunywa chai, lakini watu wale walikufa, na kuwafananisha ni kuwakosea adabu. Ni kweli, na waliokufa kwa wingi hawakuwa hata wenye bunduki. Walikuwa wapagazi, makumi ya maelfu ya watu waliochukuliwa vijijini kubeba unga na risasi za wenzao, wakaishia kwa kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo, mahali tunapokwenda kununua viazi na nguo, lilitokana na kikosi chao cha upande wa Waingereza, Carrier Corps. Huyo ndiye mtu ambaye swali la bibi lilimhusu kikamilifu: alikimbizwa akamatwe, na alipokamatwa hakukimbia tena. Ndiyo sababu bibi wa leo anatazama nyuma ya mkimbiaji kwanza. Jicho hilo alilirithi kwa watu ambao, walipomwona mtu anakuja mbio, walikuwa na haki ya kuanza kukusanya watoto.

Lakini kukimbia juu ya kumbukumbu hiyo si lazima kuwe utovu wa adabu. Ushahidi uko Afrika Kusini. Vic Clapham alikuwa miongoni mwa askari waliotembea masafa marefu katika nyika za Afrika Mashariki wakimfuata Lettow-Vorbeck, ambaye hawakumkamata. Mjerumani huyo alijisalimisha mwenyewe huko Abercorn Novemba 25, 1918, wiki 2 baada ya vita kwisha Ulaya. Clapham aliporudi kwao aliamua kuwakumbuka wenzake waliokufa, akaona mnara wa mawe hautoshi. Akaanzisha mbio. Mei 24, 1921, watu 34 waliondoka Pietermaritzburg kwenda Durban, karibu kilomita 90, na 16 wakafika. Mbio hizo za Comrades zinaendelea hadi leo, na muda wa saa 12 ukitimia, mtu mmoja huwageuzia mgongo wakimbiaji na kupiga bastola, na anayekuja nyuma yake kwa hatua 3 anahesabika kuwa hakufika. Clapham alielewa kwamba mateso ya njia hayaelezeki kwa hotuba. Mtu huyafahamu kidogo akiwa na malengelenge, akiwa na kiu, akiwa amedanganywa na kilima cha tano kwamba ndicho cha mwisho. Malengelenge hayamfanyi kuwa askari, wala hayamfanyi kuwa mpagazi. Yanampa adabu tu ya kutosema "vilikuwa vilima vidogo" kama wasemavyo wasomaji wa ramani.

Kwa hiyo mkimbiaji akiulizwa tena kwenye njia ya Salaita, asicheke wala asianze kumhubiria bibi habari za moyo na mafuta mwilini. Apunguze mwendo, aamkie shikamoo, kisha ageuke kutazama nyuma, kama alivyofanya mwenye shamba. Akiona hakuna kitu, ashukuru na kujibu kwa unyenyekevu, "Sikimbizwi na mtu, bibi," akijua kwamba katika njia hiyohiyo wako wengi ambao hawakuwa na bahati ya kusema hivyo. Na akisikia mvumo kutoka kwenye mti wenye mizinga, asimalizie sentensi.